Mgeni wa Siku 56: Namna ya Kumpokea Mwanafunzi wa Fildi Mkwajuni Bila Kujiaibisha

Julai ikifika na vyuo vikafunga mwaka wa masomo, gari zinazotoka Mbalizi kupitia Galula huanza kuleta Mkwajuni abiria wa aina moja. Utamtambua kwa bahasha ya kaki aliyoibana kwapani, vumbi lisiingie. Ndani mna barua ya utambulisho kutoka chuoni, logibuku ambayo haijaandikwa neno, na fomu ya tathmini yenye nafasi ya muhuri. Amekuja fildi. Kama wewe ni mkuu wa idara pale halmashauri, mganga mfawidhi, mkuu wa shule, mwenye plenti ya kuchenjulia dhahabu au meneja wa mgodi, basi amekuja kwako.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe. Kuna mahali utacheka, kwa sababu baadhi ya mambo tunayowafanyia vijana hawa yanachekesha yakisemwa kwa sauti. Lakini kila agizo lililomo nimelikusudia, na naomba ulitekeleze lilivyo.

Anza kabla hajafika. Barua ya kumkubali mwanafunzi huandikwa kwa wema na kwa haraka. Mtu anapigiwa simu na shemeji yake, anasema "mwache aje, tutaona cha kumpa," karani anachapa, muhuri unagongwa. Hiyo "tutaona" ndiyo inayomfanya kijana wa mwaka wa tatu wa uhandisi akae wiki mbili akihesabu mizunguko ya feni. Kabla hujasaini, andika kwenye karatasi jina la mtu atakayemfundisha. Jina la mtu aliye hai, aliyepo kazini Agosti nzima, asiyekwenda likizo. Kisha andika kazi atakayofanya, kifaa kitakachomkinga, na kiti atakachokalia. Jina la mwalimu likikushinda, mkatalie kijana mapema na kwa barua ya heshima. Ubaya ni kumkubali, akafunga safari, akapanga chumba na kulipa kodi ya miezi miwili, ndipo aambiwe kuwa afisa anayehusika yuko Dodoma kwenye semina.

Na kama kazi pekee uliyonayo ni kwenda kununua maandazi ya ofisi, iandike kwenye barua: "Tunakukubali kuja kununua maandazi kwa wiki nane." Weka sahihi na muhuri, nakala iende chuoni na nyingine kwa mzazi. Ukiona haya kuiandika, usimpe.

Haya mambo yana uzito zaidi hapa kuliko Tunduma. Pale mpakani, mwanafunzi wa forodha au ugavi amezungukwa na mawakala, wasafirishaji, mabenki, na kile kituo cha pamoja cha Tanzania na Zambia kilichozinduliwa mwaka 2019. Wakala mmoja akimpotezea muda, anavuka barabara na kubisha hodi kwa mwingine. Mkwajuni hana pa kuhamia. Mji huu umekuwa makao makuu ya Wilaya ya Songwe tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na zile ofisi ambazo zamani watu walizifuata Chunya sasa ziko hapa, lakini kila idara ni moja. Ukimpoteza wewe, amepotea wiki zake zote nane.

Zungumza naye kuhusu hela siku ya kwanza, bila kuzunguka. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, hadi siku 56. Hiyo ni shilingi 560,000 ya chumba, chakula, nauli, vocha na kuchapa ripoti. Wapo ambao mkopo haukuwafikia kabisa, na hao wanaishi kwa alichouza baba yao, gunia la mahindi au mbuzi. Kwa hiyo unapomtuma kijana kukusanya takwimu vijijini, kule kwenye mwambao wa Ziwa Rukwa, nauli ya bodaboda ni yako. Usimwambie "tangulia, tutakurudishia." Anajua, na wewe unajua, kwamba hairudi. Usimpe bahasha ya mchango wa harusi ya bosi. Usimhesabu kwenye mchango wa chai. Kama taasisi yako ina ada halali ya mafunzo, mpe namba ya malipo ya serikali na risiti. Fedha inayoombwa mkononi, nyuma ya mlango, ili "nafasi ipatikane," ina jina lake na ina sheria yake.

Nimewasikia waajiri binafsi wakisema wao tayari wanachangia elimu, kwa sababu wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Ni kweli, mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa, na tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3.5 ya mishahara. Lakini tozo ile huenda kwa mamlaka ya mapato. Haiwezi kusimama karibu na karasha na kumwambia binti wa watu afunge nywele zake zisinaswe na mkanda. Hilo lazima ulifanye wewe mwenyewe au mtu wako.

Hapa kwenye usalama nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo pa kuua mtu.

Mkwajuni imekaa juu ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, unaochimbwa tangu miaka ya 1920. Leo kuna mgodi mkubwa wa New Luika, na kuna maduara, makarasha, mialo na plenti za wachimbaji na wachenjuaji wadogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inakutaka mwajiri utoe vifaa vya kujikinga, na inasimamiwa na OSHA. Kofia ngumu, buti, miwani, glovu na kizuia vumbi vimsubiri mwanafunzi mlangoni. Usimwazime buti za mtu aliyeacha kazi, zinazompwaya kwa namba tatu, halafu ukashangaa amejikwaa. Ukinunua vifaa kwa wafanyakazi 10 na una wanafunzi 2, nunua 12. Hesabu hii wengi inawashinda.

Kisha mweleze hatari kwa jina. Kwenye plenti, sayanaidi ni salama kiasi pale tu maji yanapobaki na uchungu wa chokaa, yaani pH juu ya 10. Chokaa ikipungua, pH ikishuka, inageuka gesi, na gesi hiyo inamuua mtu kabla hajamaliza kuuliza inanuka nini. Mwanafunzi wa kemia amelisoma hili darasani. Hajawahi kulisimamia saa nane usiku, mfuko wa chokaa ukiwa umeisha na mwenye plenti akiwa hapokei simu. Mwoneshe mahali chokaa inapokaa, kipimo cha pH, upande upepo unakovumia, njia ya kukimbilia, na mtu wa kumwita. Kama hakuna aliyefunzwa kushika kemikali hiyo kwenye plenti yako, huna sababu ya kuwa na mwanafunzi, na mbele ya Mkemia Mkuu wa Serikali huna sababu ya kuwa na plenti.

Zebaki ni mbaya kwa namna nyingine, kwa kuwa haina haraka. Mtu anachoma dhahabu yake kwenye jiko la wazi, mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na madhara yake kwenye ubongo na figo huja taratibu. Mjamzito akiivuta inamfikia mtoto tumboni. Mji wa Minamata, Japani, uliumia kwa zebaki kiasi kwamba mkataba wa dunia wa kuidhibiti umepewa jina lake, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hivyo basi mwanafunzi, na hasa binti, asisimamishwe penye kuchomewa zebaki ati "ajifunze." Akitaka kujifunza, mpe kazi ya kutengeneza na kujaribu retoti ya kunasia ule mvuke. Hiyo ni ripoti nzuri ya fildi, na itawafaa majirani zako hata akishaondoka.

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, nalo lina hatari yake. Msimamizi anamwambia mwanafunzi wa jiolojia, "Shuka ukauangalie mwamba, mwanangu." Anajibu, "Sawa, mzee." Ewe mwajiri, ile "sawa, mzee" usiihesabu kuwa ni ridhaa. Fomu ya tathmini iko kwenye droo yako, maksi zake ziko kwenye kalamu yako, na shahada yake iko nyuma ya maksi. Mwanafunzi wa fildi hana uwezo wa kukukatalia. Mfanyakazi anaweza kugoma, anaweza kuacha kazi, anaweza kwenda chama cha wafanyakazi. Huyu anaweza kusema sawa tu. Kwa hiyo neno "hapana" ni wajibu wako kulisema kwa niaba yake: hapana, matimba hayajakaguliwa, hapana, hewa haijapimwa, hapana, umechoka, nenda ukalale. Ukilishika hili peke yake na kusahau mengine yote, mwongozo huu utakuwa umefanya kazi yake.

Hospitalini na kwenye vituo vya afya hatari ina ukubwa wa sindano. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi akichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia. Ajulishwe siku ya kwanza aende kwa nani, hata kama ni Jumapili usiku. Muulize kama amechanjwa homa ya ini aina ya B. Usimgombeze mbele ya wagonjwa kwa kujichoma. Akiogopa kugombezwa atalificha, na saa zitapita.

Na nani analipa akiumia? Uliza swali hilo kabla, likajibiwe na chuo, na bima yake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na jibu liingie kwenye barua ya kumkubali. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji si mahali pa kuanza kusomana vifungu.

Sasa kazi yenyewe. Fotokopi inafundishika kwa asubuhi moja. Ikifika wiki ya pili, unayefaidika ni wewe peke yako. Kazi nzuri kwa mwanafunzi ni ile ambayo ofisi yako imeihitaji siku nyingi na hakuna aliyepata nafasi ya kuifanya. Plenti inahitaji mtu wa kuandika pH, kiasi cha chokaa na uzito wa kaboni kila baada ya saa kadhaa, ili mwisho wa mwezi mwenye mali ajue dhahabu yake inapotelea wapi badala ya kumtuhumu mlinzi. Idara ya maendeleo ya jamii ina vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyokopeshwa kutokana na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mwanafunzi anaweza kuvitembelea kimoja kimoja na kuandika kipi kinafuga kuku kweli na kipi kimebaki katiba na muhuri. Kwenye ugavi, akae pembeni yako unapotangaza zabuni kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST, akuulize kwa nini. Jibu. Kama hujui kwa nini, mtafute anayejua, mumsikilize nyote wawili.

Ila nywila yako usimpe. Najua ni mwepesi wa kompyuta kukushinda, na kwamba yale ya mfumo wa malipo wa MUSE yanayokuchukua saa nzima yeye anayamaliza wakati wewe unatafuta miwani. Malipo yakienda kombo, mfumo utaonesha jina lako, na kijana atakuwa amerudi chuoni akiwa na kumbukumbu mbaya na pengine wito wa polisi. Mfundishe ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Herman Schneider, aliyeanzisha mpango wa kupokezana darasa na kiwanda katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, alijenga kila kitu juu ya jambo moja: kwamba kuna sehemu ya uhandisi ambayo haipo chuoni, na mwenye kiwanda ndiye mwalimu wake. Sisi wenyewe tulikwenda mbali zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, na mapendekezo ya mwajiri wake yakawa sehemu ya kuamua nani aingie. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na ukalegezwa baadaye. Lakini ulimchukulia mwajiri kuwa mtu ambaye neno lake lina uzito, na neno hilo leo limebaki kwenye logibuku.

Isaini kila wiki. Kila Ijumaa, soma ukurasa, uliza swali moja, weka sahihi. Ukingoja wiki ya nane utasaini kurasa zote kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja, na mhadhiri atakayeifungua ataona wazi kwamba ulikuwa ukisaini usichosoma. Kuna jambo baya zaidi ambalo linafanyika nchini na linajulikana: mwanafunzi hakufika, alikaa kwao, akaleta logibuku mwishoni pamoja na "ya maji," akagongewa muhuri. Mwajiri unayefanya hivyo, fikiria muhuri huo umethibitisha nini. Umethibitisha kwamba mtu huyu amekwishakagua matimba, au amekwishapima damu, au amekwishafundisha Kidato cha Pili. Atapata kazi kwa uthibitisho huo. Mwanao atashuka kwenye duara alilolikagua.

La mwisho kubwa halina mzaha hata kidogo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtaja mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki au upendeleo. Msimamizi anayemwambia mwanafunzi kuwa maksi zake zitajadiliwa jioni gesti, anafanya kosa la jinai, na ofisi inayomjua na kunyamaza inamfanyia ulinzi. Wasichana wanaofika Mkwajuni wako mbali na kwao, mara nyingi hawana ndugu hata mmoja hapa, na fomu, kama nilivyosema, iko kwenye droo. Mpe kila mwanafunzi majina ya watu wawili anaoweza kuwaendea, mmoja wao mwanamke na mmoja wao asiye msimamizi wake. Mpe namba ya mratibu wa fildi chuoni na ya ofisi ya TAKUKURU. Vikao vya kazi vifanyike ofisini, mlango ukiwa wazi, saa za kazi. Na saa za kazi zina mpaka: sheria ya ajira inamwekea mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, na hakuna hoja ya kumpa mwanafunzi asiyelipwa nyingi kuliko za anayelipwa.

Mhadhiri akija kukagua, usipange maigizo. Usimvalishe kijana kofia mpya asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Sema ukweli, na ukweli huo uwe pamoja na makosa ya mwanafunzi, maana wapo wavivu, wapo wanaofika saa tano asubuhi na simu sikioni, wapo waliokuja kutafuta sahihi na si kazi. Huyo mwite wiki ya kwanza, mwambie ana kwa ana, mpe nafasi ya kujirekebisha, na asipojirekebisha mpe maksi anazostahili. Kumpa asilimia 90 kwa sababu ni mtoto wa rafiki yako ni kuwaonea wale waliofanya kazi juani.

Barua za maombi hazingoji Julai. Zinaanza kufika miezi kadhaa kabla. Zilizopo mezani kwako sasa zigawe leo. Wale utakaoweza kuwafundisha, wajibu kwa jina la msimamizi, kazi na tarehe. Wale usioweza, wakatalie wiki hii hii, ili watafute kwingine kabla hawajalipa nauli.